Haki ya Mwenye Kuuguza

Katika darasa letu la baada ya alasiri, dada mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akauliza swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele za watu. Alisema: "Mamangu ana miaka 76. Huu ni mwaka wa nne hatambui mchana wala usiku. Huniuliza jambo moja mara ishirini, na usiku husimama mlangoni akitaka kwenda kwao, ilhali yumo nyumbani mwake. Watoto wake tu sita, na niliye naye ni mimi peke yangu. Wiki iliyopita nilimpigia ukelele, naye akalia kama mtoto. Je, mimi nimekuwa mwana asi kwa mamangu?"

Siku ile hatukumjibu kwa neno moja, kwani swali lake halitoshi jawabu la neno moja. Tena si lake peke yake. Hapana mtaa katika miji yetu ya Pwani usiokuwa na nyumba ambayo ndani yake yumo mgonjwa ajulikanaye na watu wote, na yumo mwenye kumuuguza asiyetazamwa na mtu. Tukipita barazani huuliza: "Mgonjwa yuaonaje leo?" Nasi twafanya vyema kuuliza. Lakini ni nani katika sisi aliyewahi kuongeza: "Na wewe mwenyewe, waonaje?" Basi somo letu la leo ni hilo swali la pili.

MARADHI YENYEWE NI NINI

Yatupasa kwanza kuyajua maradhi, kwani mwenye kuuguza asichokijua huchoka mara mbili: huchoka kwa kazi, na huchoka kwa kushangaa.

Mwaka 1906 tabibu mmoja wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza matabibu wenzake khabari za mwanamke aliyeingizwa hospitali mjini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na miaka 51. Mwanamke yule alikuwa amepotewa na kumbukumbu, akichanganya maneno, akimshuku mumewe. Alipokufa, ubongo wake ulitazamwa kwa hadubini, ukaonekana umesinyaa, na ndani yake mna madoa na nyuzi zisizokuwamo katika ubongo wa mtu mzima wa afya. Ndiyo maana maradhi yale yakaitwa kwa jina la tabibu huyo. Nayo ni aina moja tu, ingawa ndiyo iliyoenea zaidi, katika kundi la maradhi ya kusahau yaitwayo dimenshia. Nyingine hutokana na kupooza, pale mishipa ya damu ya ubongo inapoziba au kupasuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya kundi hili, na zaidi ya 60 katika kila 100 wao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu.

Twayataja haya kwa sababu. Mzee asahauye hakurogwa, wala si mchawi, wala hana inda. Aulizapo jambo moja mara ishirini hafanyi kusudi kumtesa mwanawe. Kila mara kwake ndiyo mara ya kwanza. Asiyelijua hili hudhani anachezewa, akakasirika. Na wako waliopita mpaka wa kukasirika: katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na maneno au matendo ya ajabu ya uzee huweza kushikwa kuwa ni ushahidi. Huo ni ujinga unaomwaga damu, nasi tulio majirani hatuwezi kusema hautuhusu.

Basi mlango wa kwanza kuubisha ni wa tabibu, si wa mganga. Ni kweli kwamba dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi ya Alzheimer haijapatikana. Walakini si kila kusahau ni maradhi hayo. Kuna kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini B12, au na tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, au na huzuni kubwa, au na dawa nyingi zinywewazo pamoja; na hayo yaweza kutibika. Atakayejifungia na mzazi wake nyumbani kwa kuona haya, huenda akamnyima tiba iliyokuwapo.

NI NANI ALIYEBEBESHWA MZIGO

Wazee wetu wamesema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Autazamaye akiwa mbali huuona mwepesi.

Tazama desturi yetu ilivyo. Mzazi akiugua, huduma yake hutupwa juu ya binti mmoja. Mara nyingi ni yule asiyeolewa au aliyeachwa, kana kwamba kukosa mume ni kukosa kazi. Ndugu aliye Ghuba hupeleka fedha mwezi atakaokumbuka. Ndugu aliye Nairobi hupiga simu. Ndugu aliye mtaa wa pili huja Ijumaa, akaketi nusu saa, akasema uji ni mzito na chumba kina joto, kisha akaenda zake. Yule binti halali, hatoki, haendi harusini wala darasani, na akiumwa yeye husema: "Mimi nitakwenda hospitali siku nyingine." Wala jambo hili si la Pwani tu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila saa 100 za huduma wanayopewa na jamaa zao watu wenye dimenshia, saa 70 hutolewa na wanawake.

Kisha mgonjwa akifa, hapo ndipo utakapotuona! Viti havitoshi, masufuria ya pilau yatokota uani, na mtu ambaye hakufika miaka minne huja na gunia la mchele. Hatusemi watu wasihudhurie maziko wala wasiwape pole wafiwa. Twasema hivi: lau nusu ya mchele huo, na robo ya mikono hiyo, ingalikuja mgonjwa alipokuwa hai, binti yule asingalibaki gofu la mtu.

Sote twajua kwamba kumwosha maiti, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakifanya baadhi, wengine huwa wamepona, wakiacha wote, wote wana dhambi. Hapana mtaa wetu uliowahi kumwachia maiti mtu mmoja amwoshe, amchimbie na amchukue jenezani peke yake. Basi vipi tumwachie mtu mmoja kumgeuza mgonjwa aliye hai, kumlisha, kumwosha na kukesha naye, usiku na mchana, miaka minne?

JAWABU LA SWALI LA DADA YETU

Dada yetu ameisoma Suratul-Israa, na aya ya 23 imemtia khofu. Kwani aya hiyo yautaja uzee wa wazazi, na yakataza hata neno dogo la kuonyesha uchovu nao. Kuogopa kwake ni dalili ya imani, wala si dalili ya uasi. Mwana asi hamlilii mamake darasani.

Lakini na afahamu mambo mawili. La kwanza, amri ile hakuambiwa binti mmoja wakasamehewa wana watano. Ndugu zake waliomwacha peke yake mpaka subira ikamwishia, wanayo sehemu yao katika ukelele ule. La pili, mtu akijua kwamba njia afuatayo itamfikisha kwenye kosa, lampasa kubadilisha njia, si kungoja kosa kisha ajute. Asiyelala siku tatu hana subira ya kutoa, kama kisima kilichokauka kisivyo na maji. Kwa hivyo kutafuta msaada si kumkimbia mzazi. Kutafuta msaada ni katika kumtendea wema mzazi, kwa sababu ndiko kunakoihifadhi ile kauli njema tuliyoamrishwa.

MILANGO YA KUBISHA

Mtu aweza kusema: "Nimekubali; sasa niende wapi?" Twataja milango mitano iliyo wazi katika nchi yetu, ili kila mtu aubishe umfaao.

Kwanza, wahudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatoa wahudumu zaidi ya 100,000, kila mmoja na nyumba zake kadiri ya mia, na mkoba wenye kipimo cha damu na cha sukari. Yuko mmoja ahusikaye na mtaa wako. Muulize mzee wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu, kisha mwalike nyumbani. Na akija kumpima mgonjwa, mwenye kuuguza naye anyooshe mkono apimwe.

Pili, vyama vya wenye kuuguza. Mjini Nairobi kiko chama cha Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2016. Mwanzilishi wake, Bi Elizabeth Mutunga, aliingia katika kazi hii baada ya babake mwenyewe kupatwa na maradhi haya. Chama hiki huzikutanisha jamaa za wagonjwa, wakazungumza, wakafundishana. Na aliye mbali aweza kuwatafuta kwa simu. Nacho ni katika vyama vya nchi nyingi vilivyo chini ya umoja wa ulimwengu ulioundwa mwaka 1984. Pia Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo yaitwayo iSupport, yaliyotungwa makusudi kwa wenye kuwauguza watu wa dimenshia: jinsi ya kumwosha asiyetaka kuoshwa, jinsi ya kusema naye akikasirika, na jinsi ya mwuguzaji kujitunza. Kijana wako ajuaye kutumia intaneti aweza kukutafutia na kukusomea.

Tatu, hospisi. Wengi hudhani hospisi ni nyumba ya kupelekwa mtu akafe. Sivyo. Hospisi ya kwanza ya mtindo huu wa sasa, St Christopher's, ilifunguliwa London mwaka 1967 na Bi Cicely Saunders, naye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu, na kwamba jamaa zake nao ni katika wanaostahiki kuhudumiwa. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na hapa Mombasa iko Coast Hospice. Mwenye mgonjwa wa saratani, au wa maradhi mengine mazito yasiyotarajiwa kupona, na aende akaulize. Atafundishwa kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa nyumbani, na yeye mwenyewe atasikilizwa.

Nne, haki zilizo kwa serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kupata huduma na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa dola. Basi kuiomba si kuombaomba. Katika mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi hutolewa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, na pia kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ahitajiye kuangaliwa wakati wote. Na kwa hawa, mwangalizi wake ndiye hupokea kwa niaba yake. Fedha hizi ni chache, na wakati mwingine huchelewa, na si kila anayestahiki ameandikwa. Lakini asiyekwenda kwa chifu kuuliza uandikishaji hataandikwa milele. Vilevile Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huwaandikisha waliolemaa, baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali, na kwa mlango huo mtu aweza kuomba kiti cha magurudumu na vyombo vinginevyo.

Tano, bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF imeondolewa na mahali pake ikaja ya SHA. Na ifahamike kwamba mzazi mzee haingii chini ya jina la mwanawe. Huandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali yake, na kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Wana sita wakigawana, ni shilingi 50 kila mmoja. Ndugu atakayeshindwa na hizo, na atuambie ni kitu gani atakachoweza.

KIKOA CHA KUUGUZA

Milango hiyo yote ni mizuri, lakini hapana hata mmoja utakaokuja saa nane ya usiku mama anaposimama mlangoni. Kwa hiyo watu wa mtaa hawana budi kuwa na chao. Na hili si jambo geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na kikoa: watu hula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, hata zamu ikazunguka, na hapana aliyechoka wala aliyelala na njaa. Twauliza: kinachofanyika kwa chakula, hakiwezi kufanyika kwa kuuguza?

Mpango wake ni mwepesi. Kwa jamaa wa nyumba moja, aitwe kila mwana wa mgonjwa, na aliye safarini awe kwenye simu, kisha kazi ziandikwe kwenye karatasi: kuosha, kulisha, kukesha, dawa, hospitali, fedha. Mbele ya kila kazi liandikwe jina na siku. Mtoa fedha hasamehewi kuuliza hali, na asiye na fedha hasamehewi siku yake. Wana wa kiume nao wajifunze kumlisha na kumgeuza mzazi. Hapana aliyepungukiwa na uanaume kwa kushika bakuli la uji la mamake.

Kwa watu wa mtaa, wakusanyike wenye kuuguza watano au sita, wanawake kwa wakati wao na wanaume kwa wakati wao, mara moja kwa mwezi. Wasiitishe karamu, chai yatosha. Kila mmoja aseme khabari zake bila kukatizwa, na yasemwayo pale yabaki pale. Anayejua daktari mwema amtaje; mwenye kiti cha magurudumu kisichotumika akitoe. Na kila mwezi mmoja wao apewe siku ya mapumziko: wenzake wawili wakae na mgonjwa wake tangu asubuhi hata magharibi, naye alale, au akatembelee watu, au akapimwe damu yake.

Hapa tutajibiwa: "Siri ya nyumba haitoki nje." Neno hili ni la kweli mahali pake. Aibu za mgonjwa zisitangazwe, wala picha zake zisitembezwe kwenye simu za watu; huko ni kumvunjia heshima. Lakini kuugua si aibu, na uchovu si aibu. Wahenga walisema pia: mficha maradhi, kifo humwumbua. Pima neno lipi lifaalo siku ambayo mwenye kuuguza mwenyewe ameanguka jikoni, na wagonjwa wamekuwa wawili.

Na wengine watasema: "Jamaa wema hawahitaji wageni." Sisi twaona kinyume. Jamaa wema ndio wanaojua kadiri ya nguvu zao.

KAZI YA WIKI HII

Somo lisilotendwa ni upepo. Basi kila aliyehudhuria darasa, na kila asomaye karatasi hii, na aitafute nyumba moja yenye mgonjwa wa siku nyingi. Asiende na nasaha. Aende na chakula kilichopikwa, akae, kisha aulize: "Na wewe, waonaje?" Akishauliza anyamaze, asikilize mpaka mwisho. Akiondoka aseme siku na saa atakayorudi kukaa na mgonjwa, si lile neno letu la "ukihitaji kitu tuambie." Mwenye kuuguza hatakuambia, kwa kuwa amekwisha zoea kutoambia.

Ama dada yetu, alirudi darasani baada ya wiki mbili. Amempeleka mamake kwa tabibu, na damu yake imechukuliwa. Aliwaita ndugu zake watano: wawili wameshika zamu ya usiku, mmoja ametoa fedha za bima ya mwaka mzima, mmoja ametoa udhuru, na mmoja hajajibu simu hata leo. Mama yungali akisimama mlangoni usiku. Lakini dada ametwambia kwamba usiku wa Jumatano, mara ya kwanza tangu mwaka jana, alilala hata akasikia adhana ya alfajiri. Na alipoamka, mamake alipomwuliza lile swali lake la kila siku, alimjibu kwa upole mara ishirini.

Wa billahi tawfiq.